Rangi Kabla ya Umbo: Kiswahili na Picha za Wanyama za Kundi la CoBrA

Mhadhara huu unahusu neno moja linalotumiwa katika kufasiri habari za sanaa: dhahania. Mwanafunzi wa sarufi analifahamu kutokana na nomino dhahania, kama vile wema na uhuru, yaani majina ya mambo yasiyoonekana wala kushikika. Neno hilohilo hupewa michoro mingi ya Ulaya iliyozuka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hoja ya msingi hapa ni kwamba, kwa sehemu ya michoro hiyo, istilahi hii inampoteza msomaji, ilhali Kiswahili kina maneno yanayofaa zaidi.

Mfano ni kundi la CoBrA, lililoundwa Paris mwezi Novemba 1948. Jina lilitokana na herufi za mwanzo za Copenhagen, Brussels na Amsterdam, likawa pia jina la nyoka. Kundi lilivunjika mwaka 1951, lakini Asger Jorn, Karel Appel na Corneille waliendelea kwa miaka mingi kutoa picha za chapa zenye ndege, paka na viumbe visivyo na jina. Katika litografia ya rangi, kila rangi huchapwa kwa jiwe au bamba lake. Kwa hiyo rangi inaweza kuachana na mstari: wekundu ukavuka ukingo wa bawa, jicho likabaki doa jeusi tu. Mnyama yupo, ila anatambuliwa kwa rangi na alama kabla ya umbo.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Punda milia ametengwa na punda kwa milia yake. Vazi la kanga, kwa maelezo ya wengi, limepata jina kwa ndege mwenye madoadoa. Kilichohama kutoka kwa ndege kwenda kwenye kitambaa si umbo bali ni madoa.

Maumbile nayo yanatoa mfano ulio bayana. Wilayani Kyela, uwanda wa mpunga unakoma Matema, ambako Milima ya Livingstone inashuka hadi Ziwa Nyasa. Kwenye miamba ya kuelekea Ikombe wanaishi samaki wadogo wa jamii ya sikilidi. Wengi wana maumbo yanayokaribiana mno. Spishi hupambanuliwa kwa milia, mabaka na rangi, hasa za madume. Wanabiolojia wametoa ushahidi kwamba majike huchagua dume kwa rangi, na kwamba uchaguzi huo umechangia kuzuka kwa mamia ya spishi ziwani. Huko rangi si pambo, bali ni utambulisho.

Mwanafunzi wa Kyela akiambiwa kwamba picha ya Appel ni dhahania, anafundishwa kuwa hakuna cha kuona. Akiulizwa ni baka lipi lililofanyika bawa na ni mlia upi uliofanyika mkia, ana maneno tayari, na jicho lililozoea kuyatumia.

Haipendekezwi kwamba neno dhahania lifutwe. Linaifaa michoro ya kijiometri ya Piet Mondrian, ambayo CoBrA waliipinga. Linalopendekezwa ni kwamba mfasiri aitazame picha kwanza, ndipo aifungue kamusi.