Elimu ya Mawasiliano na Amana ya Habari
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Kisinga

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.



Nimetakiwa niseme juu ya jambo lililozua maneno mengi katika baraza zetu. Mtoto akisema anakwenda Chuo Kikuu kusomea udaktari, watu humwombea dua. Akitaja ualimu au uhandisi, humpongeza. Lakini akitaja mawasiliano, huulizwa: "Je, kusema nako kwasomewa? Hata mwuza samaki sokoni ajua kusema." Na wako wanaoona kuwa haifai fedha ya Chama imsaidie mtoto wa namna hiyo. Mimi naona yafaa, nami nitazieleza sababu zangu.

Kwanza yatupasa tujue kinachosomwa. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza idara ya elimu hii mwaka 1988. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifungua milango yake Mbale kikiwa na wanafunzi 80, nacho leo kinatoa shahada ya kwanza ya mawasiliano ya umma. Mwanafunzi hufundishwa kuitafuta habari, kuipima, kisha kuiandika gazetini au kuitengeneza kwa ajili ya redio na televisheni. Husoma sheria za habari, apate kujua kashfa ni nini, na siri ya mtu ina mipaka gani. Hufunzwa kufanya utafiti, na kumweleza mkulima au mgonjwa jambo la kitaalamu kwa maneno anayoyafahamu. Kisha hupelekwa katika ofisi ya gazeti au ya redio akajifunze kazi kwa vitendo. Basi ni kosa kusema kuwa huko watu husomea kusema tu. Aghalabu husomea kunyamaza mpaka wapate hakika.

Pili, elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa mfasaha zaidi. Wanazuoni wa hadithi, akiwamo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakuikubali habari mpaka wamejua nani aliipokea kwa nani, na kama kila mmoja katika mlolongo huo alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi. Hapa Afrika ya Mashariki, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932, naye baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuona kuwa kalamu ya gazeti yamshushia mtu elimu yake ya dini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuangalie yaliyotufika hapa kwetu. Mwezi wa Juni 2019 jamaa moja ilivuka mpaka kutoka Kongo ikamleta mtoto mgonjwa katika Hospitali ya Kagando. Tarehe 11 ya mwezi huo ikathibitika kuwa ni Ebola. Watatu wa jamaa hiyo walifariki. Mwenyezi Mungu aliepusha, ugonjwa haukuenea huku Uganda. Ng'ambo ya pili, maradhi hayo yaliyotangazwa Agosti 2018 yalidumu mpaka Juni 2020, yakaua watu zaidi ya 2,200.

Waganga walikuwapo, na chanjo ilikuwapo. Lakini huko Kongo watu wengi hawakuyasadiki maneno ya waganga. Baadhi waliwaficha wagonjwa wao, na wengine waliwashambulia wahudumu. Mwezi wa Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijiji cha Lwemba, Ituri, aliyekuwa akiwaelimisha watu juu ya ugonjwa huo, aliuawa nyumbani kwake. Ndugu zangu, dawa isiyosadikiwa haimfikii mgonjwa. Tena litazameni jambo la maiti. Sisi tumewajibishwa kumwosha maiti wetu, na maiti wa Ebola huambukiza amwoshaye. Kuwaeleza watu kuwa dharura huondoa wajibu huo, na kwamba sala ya jeneza haiondoki, kwataka mtu ajuaye sheria ya dini, aelewe maneno ya daktari, na aseme Kikonzo na Kiswahili, kwani lugha hizo mbili zavuka mpaka pamoja na watu.

Tena, usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu 42, wengi wao wanafunzi. Kundi lililolaumiwa, ADF, hujinasibisha na dini yetu. Siku kama ile nani atasimama redioni, awalilie waliouawa pamoja na wazazi wao, na aeleze waziwazi kuwa damu ile haina idhini katika Uislamu? Tukikosa mtoto wetu aliyefundwa kazi hiyo, watatusemea wengine, na huenda wakasema tusiyoyataka.

Sisemi kuwa shahada hii ni njia ya utajiri. Redio za mashambani hulipa kidogo, na wanaomaliza masomo ni wengi kuliko nafasi za kazi. Ndiyo maana nawausia ninyi vijana: asome mwenye kupenda kusoma na kuandika, siyo mwenye kupenda kusikika. Shikeni lugha zenu, kwani mwandishi mwenye lugha tatu hupata kazi asipoipata mwenye moja. Ongezeni na elimu nyingine, kama afya, kilimo au sheria, mpate kufaa hospitalini, wilayani na katika mashirika, siyo katika vyumba vya habari peke yake.

Nanyi wazee, naomba Chama kimsaidie mwanafunzi wa mawasiliano kama kinavyomsaidia wa udaktari, kwa sharti kwamba wakati wa likizo arudi hapa, awafundishe vijana wetu kupima habari zinazopita katika simu zao kabla hawajazituma kwa wenzao. Uwongo mmoja wa simu watoka Kasindi asubuhi, na adhuhuri umekwisha fika Kisinga. Tumpeleke Chuo Kikuu atakayetufundisha kuuzuia.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio yenye kuchunguza. Wabillahi tawfiq.