Kiti cha Gari Kisichopata Moto

Msikilizaji, baadhi ya magari yaliyotumika yanayotoka Japani na Uingereza huja na viti vya kupasha joto, na mkazi wa Njombe au Limuru anaijua raha yake asubuhi ya Julai. Kiti kikigoma, usikimbilie kukichana.

Washa injini kwanza, maana baadhi ya magari hayapashi viti injini ikiwa imezimwa. Viti vyote viwili vikibaki baridi, kagua fyuzi. Kikiwa kimoja tu, chungulia chini yake: kila kinaposogezwa mbele na nyuma, waya huvutwa, soketi ikalegea au ikashika kutu. Fundi apime kwa mita. Volti 12 zikifika kwenye soketi na kiti kisipate moto, huenda waya wa ndani umekatika. Waya mzima husoma omu chache tu. Uliokatika hausomi chochote. Mara nyingi huukata mtu anayepiga goti juu ya kiti.

Soketi ya manjano usiiguse kabisa! Hiyo kwa kawaida ni ya mifuko ya hewa ya usalama, na mifuko hiyo inaweza kufyatuka. Na kiti kikinuka kuungua, au kikichoma sehemu moja, zima swichi, chomoa fyuzi yake, ndipo umtafute fundi umeme wa magari.