Debe la Pili

Mwezi mmoja wa Julai, ambao ni wakati wa baridi kule Australia, tulisafiri kwa gari lenye vitanda na jiko ndani yake. Tulivuka uwanda wa Nullarbor, jina la Kilatini lenye maana ya "hakuna mti". Upande wa kusini ni bahari tupu, lakini maji ya kunywa ni haba. Tulikuwa na madebe mawili.

Njiani tukamkuta mzee na mkewe, gari limekwama, rejeta imekauka. Tukatazamana. Tukitoa debe moja, je, sisi yatatutosha?

Ndipo tukakumbuka habari za Edward Eyre, Mwingereza aliyepita huko mwaka wa 1841, yeye na farasi wake wakiteswa na kiu. Wenyeji walimwonyesha maji yaliyofichika mchangani karibu na pwani. Walimsaidia mgeni wasiyemjua.

Tukatoa debe. Usiku ule tulipika kwa kipimo, wala hatukulala na kiu.

Ndugu, huenda leo mtu akakuomba kile ulichojiwekea akiba. Kabla hujakataa, kumbuka ni nani aliyekunywesha wewe kwanza. Mungu awabariki.