Laptopu ya gemu kwa mwanafunzi: kagua kabla ya kulipa

Msikilizaji, mwanao anaanza chuo na anaomba laptopu ya kusomea inayomudu na gemu. Bajeti ni ndogo, lakini pale Kariakoo zilizotumika zipo tele. Taa za rangi kwenye kibodi zisikubabaishe. Kinachobeba gemu ni kadi ya grafiki. GTX 1650 yenye GB 4, ya mwaka 2019, bado inacheza GTA V vizuri, na mwanafunzi wa usanifu majengo ataihitaji kwa michoro yake pia. RAM iwe GB 16. Ikiwa ni 8, ulizia kama inaongezeka. Diski iwe SSD. Prosesa ya Intel isipungue kizazi cha 8, maana za nyuma karibu zote hazikubaliki na Windows 11, na Windows 10 ilisitishiwa huduma Oktoba 2025.

Ukiwa dukani, usione haya kumchelewesha muuzaji. Fungua Task Manager, upande wa Performance: jina la kadi lisipoonekana pale, ondoka. Kisha washa gemu nusu saa nzima huku umechomeka chaja. Picha zikianza kukwama joto likipanda, pengine feni imejaa vumbi au vipoozeo vimechoka. Tazama na maandishi ya chaja yenyewe. Mashine ya namna hii kwa kawaida hudai wati 120 au zaidi, na wengine huuziwa na chaja ya 65. Dhamana iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine.