Kulisitiri Gari la Kale Juu ya Tela

Peugeot 404, ambayo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nayo mashindano ya magari ya Safari mwaka 1966 na tena 1967, leo ni gari la tunu, na mwenye tunu aghalabu huona ni salama zaidi kuipakia kwenye tela lisilo paa kuliko kuiendesha mwenyewe. Hoja yangu ni moja, nayo huenda ikawaudhi wapenzi wa maturubai: adui mkubwa wa rangi ya gari hilo ni magurudumu ya nyuma ya gari lenu wenyewe linalolivuta.

Njia za udongo zipandazo kutoka hapa Moshi hadi vijijini mlimani zina changarawe tele, na kila kijiwe kirushwacho na gurudumu hukutana na taa, boneti na kioo cha gari lililo nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kununua turubai, fungeni kinga-matope pana zinazokaribia ardhi kwenye gari livutalo, kisha msimamishe ubao imara mbele ya tela, usiozidi kimo cha boneti, maana ukizidi hapo huwa tanga mbele ya upepo wa nyanda za Mwanga na Same.

Ama turubai, ijapokuwa hudhaniwa kuwa ni sitara, likilegea njiani vumbi hupenya chini yake, na kila pepeo la kitambaa husugua rangi kama msasa. Nimeona boneti iliyofunikwa kwa mapenzi makubwa ikifika haina mng'ao, ilhali mlango uliobaki wazi ulihitaji maji tu. Maji yenyewe yawe mengi, tena yatangulie kitambaa cha kufutia. Turubai ni la gari lililotuama, na hata hapo, wakati wa masika, lisifunike bodi iliyolowa, kwani unyevu uliofungiwa huzaa kutu.

Mikanda ishike magurudumu au ekseli, kamwe isipite juu ya bodi. Na gari likae juu ya tela hivi kwamba sehemu ya kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo, ielemee ndoana ya mbele, kwa sababu uzito ukirudi nyuma tela huanza kuyumba, na dereva asiyezoea hukanyaga breki kwa taharuki.

Mteremko wa Marangu hadi Himo, Bwana Mwenyekiti, wataka gia ndogo iliyoingizwa kabla ya kuuanza. Mkifika Himo simameni, mkaze mikanda upya, kisha msogeze kiganja karibu na vitovu vya magurudumu ya tela. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, breki imeng'ang'ania au beringi imekosa grisi, na safari ya Arusha haina budi kumngoja fundi.