Mshtuko Baada ya Ajali: Dalili, Huduma ya Kwanza na Haki ya Majeruhi



Tunazungumza nanyi kuhusu hali inayoweza kumwua majeruhi huku waliomzunguka wakidhani amenusurika.

Fikirieni abiria wa bodaboda aliyeangushwa barabarani. Anaketi ukingoni, hana jeraha kubwa linaloonekana, anasema yu salama na anaomba maji. Wasamaria wema wanamletea soda. Muda si mrefu anapoteza fahamu. Huruma haikukosekana, kilichokosekana ni kuzitambua dalili.

Katika mazungumzo ya kila siku, mshtuko ni hofu au fadhaa. Wahudumu wa afya hulitumia neno hilo kwa maana nyingine: mzunguko wa damu umedhoofika hata ubongo, moyo na figo havipati oksijeni ya kutosha. Baada ya ajali, sababu kuu ni kuvuja damu. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Mfupa wa paja ukivunjika, zaidi ya lita 1 yaweza kuvujia ndani ya paja pasipo tone kuonekana nje.

Dalili

Ngozi huwa baridi na yenye jasho. Mapigo ya moyo na pumzi huenda mbio. Majeruhi huona kiu, hutapatapa, kisha husinzia au husema maneno yasiyoeleweka. Kwa mwenye ngozi nyeusi, weupe usio wa kawaida utazameni kwenye midomo, viganja na ndani ya kope. Tahadharini na majeruhi aliyekuwa akilalamika kisha akanyamaza: kimya hicho si nafuu.

La kufanya

1. Hakikisheni mahali ni salama, kisha pigeni simu 999 au 112.
2. Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala msiachie kila mara ili kuchungulia. Kitu kilichochoma mwilini msikichomoe. Kandamizeni pembeni mwake.
3. Damu ya mkono au mguu isipokoma na uhai ukiwa hatarini, fungeni utepe mpana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, na kuukaza hadi damu ikome. Andikeni saa mliyofunga. Msiulegeze hadi mhudumu wa afya afike.
4. Mlazeni chali na kumfunika asipate baridi. Mkihofia kwamba shingo au mgongo umeumia, msimsogeze isipokuwa kuna hatari. Helmeti msiivue ila ikiwa inamzuia kupumua.
5. Msimpe chakula wala kinywaji, hata akisihi. Aweza kutapika na kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji. Lowesheni midomo yake tu.
6. Msitie jerahani mafuta ya taa, majivu wala kahawa.

Majeruhi asiyepumua ahitaji kukandamizwa kifua bila kukawia, katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Haki yenu

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaifanya kuwa kosa kwa kituo chenye uwezo wa kutoa matibabu hayo kutoyatoa. Hatusemi kwamba huduma ni ya bure. Twasema kwamba hesabu ya fedha haitangulii uhai. Mkidaiwa amana kabla majeruhi hajashughulikiwa, itajeni haki hii kwa upole na uthabiti, ombeni kumwona msimamizi wa zamu, na mwandike jina la kituo, saa na maneno mliyoambiwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo msingi wa malalamiko yenu baadaye.

Twawasihi mjifunze hatua hizi kabla ya siku ya ajali, na mzifundishe nyumbani, kazini na kwenye vituo vya bodaboda. Mikono ya kwanza kumfikia majeruhi mara nyingi si ya daktari, ni yenu.