Gharama za Dawa za Bwawa la Kuogelea: Za Nyumbani na za Duka la Mabwawa



Nimetakiwa nieleze kama ni kweli kwamba mwenye bwawa aweza kuliacha duka la dawa za mabwawa na kuzipata haja zake zote dukani penye unga na sabuni, kwa bei iliyo nafuu. Na jawabu langu ni kwamba kwa dawa mbili tatu neno hilo ni kweli tupu, ilhali kwa klorini, ambayo ndiyo ilayo fedha nyingi kuliko zote, kwetu sisi wa pwani hii ni hasara dhahiri.

Asili ya ushauri huo ni Marekani, ambako dawa ya kung'arishia nguo huuzwa kwa galoni, nayo aghalabu ina hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 6 au zaidi. Lakini Jik, dawa ya aina hiyo tunayoinunua sisi, aghalabu ina asilimia 3.5 hivi, na yanayobaki ndani ya chupa, karibu yote, ni maji. Natutwae bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani wa mita 1.25, yaani lita 50,000. Kulitia klorini ya miligramu 2 kwa kila lita kwahitaji gramu 100 za klorini yenyewe, nazo zitatoka katika lita 3 za Jik, au katika gramu 154 tu za unga wa hipokloriti ya kalisi wenye nguvu ya asilimia 65. Kwa mwezi wa siku 30, akilitia kiasi hicho kila siku, mtumishi atabeba lita 90 za Jik, au kilo 4.6 za unga. Basi mwenye kutaka insafu ya bei aulize lita moja ya Jik ni kiasi gani, aizidishe mara 19 na nusu, na ikiwa kilo ya unga haikufikia hapo, unga ndio ulio rahisi. Fauka ya hayo, chupa iliyokaa kwenye rafu ya duka lenye joto hupungukiwa na nguvu siku baada ya siku, na ile yenye manukato au iliyofanywa nzito haifai bwawani kabisa.

Sisemi kwamba unga hauna taksiri. Huacha kalisi majini, na visima vyetu vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe vina chokaa maridhawa tangu hapo, hata vigae vikafanya ukoko mweupe ambao kuukwangua nako ni gharama. Vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole havina kalisi, lakini huleta asidi ya sianuriki, ambayo kidogo chake huilinda klorini na jua na kingi chake huidhoofisha. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita chatosha, na jikoni hakuna kitu cha kushika mahali pake.

Penye alikali, yaani uwezo wa maji kuihimili asidi, ndipo jiko linaposhinda. Igeuzeni ile ndoo ya kupandishia alikali, iuzwayo duka la mabwawa kwa jina la fahari, msome maandishi madogo ya nyuma: ni bikabonati ya sodiamu, ile ile soda ya kuokea mikate. Kulipandisha bwawa letu alikali kwa miligramu 10 kwa lita kwataka gramu 840 hivi, nazo zinunuliwe kwa gunia la jumla pale wanaponunua waokaji, si kwa vipakiti. Baking pauda si badala yake, kwa kuwa imechanganywa na wanga na asidi. Wala magadi mabichi yasitiwe, maana hayo yana udongo, chumvi na floridi.

Shabu nayo, ile ya mapande yanayong'aa kama kioo katika maduka ya viungo, ni ya ukoo mmoja na dawa ya kuzamishia tope inayouzwa kwa wenye mabwawa. Ipondeni, iyeyusheni, imwageni bwawani usiku pampu ikiwa imezimwa, na asubuhi tope litakuwa chini, tayari kufyonzwa. Mjue tu kwamba hupunguza alikali, kwa hiyo soda kidogo iwekwe akiba.

Siki na ndimu za kushushia alikali ziacheni jikoni: ni dhaifu mno, na huila klorini mliyokwisha kuilipia.

La mwisho nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa anayeumia si mwenye bwawa bali kijana mwenye kumimina. Asidi ikikutana na klorini, iwe ya unga au ya chupa, hutoka hewa ya sumu yenye kukaba pumzi. Na unga ukichanganyika na vidonge huweza kulipuka. Basi kila dawa iwe na ndoo yake na kata yake, zenye rangi mbalimbali, na bei ya ndoo hizo iandikwe ndani ya hesabu hii hii ya gharama.